Mofimu ya Wakati Ujao katika Kiswahili na Kihispania: Mifano ya Misafara ya Tabora

Katika Kiswahili, wakati ujao huonyeshwa na kiambishi -ta- kinachokaa kati ya kiambishi nafsi na mzizi: nitafika, utafika, atafika, tutafika, mtafika, watafika. Kihispania huweka alama yake mwishoni, baada ya kitenzi kizima. Kitenzi hablar, "kusema", huzaa hablaré, hablarás, hablará, hablaremos, hablaréis, hablarán. Viishio hivyo ni mabaki ya haber, "kuwa na". -Ta- nayo ni mabaki ya kutaka.

Ushahidi wa Kiswahili umo katika virejeshi. Husemwa "msafara utafika Tabora", lakini "msafara utakaofika Tabora". Kudai kwamba -ka- imeongezwa ni kuigeuza historia: -taka- ndilo umbo kongwe, na -ta- ndilo lililopunguzwa. Kihispania cha kale nacho kilifichua mshono wake, kwani kiwakilishi kiliweza kupenya katikati: hablarte he, "nitasema nawe".

Katika ukanushi tatizo ni zito zaidi. "Mzigo hautafika" una wakati. "Mzigo usiofika" hauna. Iwapo karani wa Unyanyembe katika karne ya 19 angeandika "mzigo usiofika Ujiji haulipiwi", umbo hilo pekee lisingetosha kuonyesha kama mzigo umekwisha kupotea au bado unatazamiwa, na deni lingebaki na ubishi. Kihispania husema wazi que no llegará. Kiswahili hulazimika kupitia amba-: mzigo ambao hautafika.