Chupa ya asidi si mzigo wa kufichwa chini ya kiti

KINYINYA, Kigali – Mfanyabiashara aliyeleta hapa asidi ya salfuriki ya maabara ya shule aliilaza chupa chini ya kiti cha gari, imeviringishwa kwa kanga. Ilifika salama, kwa bahati tu.

Lita moja ya asidi hiyo ikiwa kali kabisa, asilimia 98, ina kilo 1.84. Chupa ya lita 2.5 basi inakaribia kilo tano hata kabla ya kuhesabu kioo. Ukiinyanyua kwa kifuniko, umejitafutia balaa. Isimamishe wima ndani ya ndoo ya plastiki, mbali na vyakula na jiki, kwani asidi ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini. Wanaozoea kupakia kwa maranda waache: asidi ya nitriki huweza kuyawasha moto.

Lebo yenye namba 1830 usiibandue, hata kama unaogopa kucheleweshwa Rusumo au Gatuna. Wala usimimine asidi kwenye chupa ya maji ya kunywa, mtoto hatauliza.

Ikikurukia, vua nguo iliyolowa papo hapo, ujimwagie maji yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali.

Mwalimu atakayeipokea naye hutia asidi kidogo kidogo kwenye maji. Akitia maji kwenye asidi, huchemka na kumrukia usoni.