Usimkemee Anayekula Odowa, Mpime Damu

Katika Soko la Wakulima hapa Nakuru, na vivyo hivyo Top Market, odowa huuzwa peupe. Hupangwa mafungu mafungu kando ya tangawizi na dania: mawe laini ya udongo, mengine ya kijivu, mengine ya hudhurungi, yanayovunjika kwa jino bila taabu. Mama mjamzito hununua fungu lake, akatia kipande mdomoni kabla hajafika steji ya matatu, na vilivyobaki akavifunga kwenye leso avitafune usiku wengine wakiwa wamelala. Mimi ni muuguzi mkunga. Nimehudumia wajawazito Molo, nikaja Njoro, na sasa niko mjini, na kote huko nimeona vumbi la odowa kwenye pembe za midomo na chini ya kucha. Nimesikia pia wanavyosemwa. Mama mkwe anasema ni uchafu, mume anasema ni tabia mbaya, na sisi wauguzi, foleni ikiwa ndefu, humwambia mama aache, kisha tukamwita anayefuata.

Kukemea hakujawahi kumwongeza mtu damu. Mama anayetamani udongo analeta habari za mwili wake, na anayezipokea habari hizo vizuri ni yule anayemtoboa kidole, akachukua tone la damu na kulipima.

Tamaa hii si ya watu wa huku peke yao. Watafiti waliowahoji wajawazito 275 kule Kilifi, na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 1998, walikuta asilimia 56 wakila udongo mara kwa mara, wengi wao wakipenda ule wa kukwangua ukutani. Wale waliokula walikuwa na damu pungufu na akiba ndogo ya madini ya chuma kuliko wenzao. Nairobi nako, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2008 ulikuta karibu robo tatu ya wajawazito waliohojiwa wakila vitu visivyo chakula, odowa ikiongoza. Wataalamu wangali wanabishana kipi hutangulia. Wako wanaosema upungufu wa chuma ndio unaoleta tamaa ya udongo. Wengine husema udongo wenyewe, ukifika tumboni, hukamata chuma kilichotoka kwenye chakula na kutoka nacho, damu ikazidi kupungua. Kwangu mimi niliyekaa na mama mbele yangu, ubishi huo haubadilishi kitu, maana pande zote mbili zinaelekeza kwenye kipimo kilekile. Na udongo una madhara mengine: huweza kubeba mayai ya minyoo, wakati mwingine huwa na madini ya risasi ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto, na hufunga choo kwa mtu ambaye mimba tayari imemfunga.

Namkumbuka mama mmoja kutoka upande wa Elburgon. Mimba ilikuwa ya nne, na aliishika mtoto wa tatu angali ananyonya. Alifika kliniki mara ya kwanza akiwa na miezi saba. Nilipomuuliza kama kuna kitu anachokitamani, alitazama chini kwanza.

"Sista, mvua ikigonga vumbi tu, mate yananijaa. Hata ukuta wa jikoni nimeukwangua."

Nilimvuta kope la chini, na pale panapotakiwa kuwa pekundu palikuwa peupe. Viganja vyake pia. Alikuwa akipumzika njiani mara kadhaa akitoka kuteka maji, akidhani ni uzito wa mimba tu. Kipimo kilisoma gramu 6.8, na chini ya 7 huo ni upungufu mkali. Siku hiyohiyo tulimpa rufaa kwenda hospitali kubwa ya Nakuru, ile ambayo wazee bado huiita PGH, akaongezewa damu. Alijifungua salama, mtoto wa kike. Hakuna aliyehitaji kumkataza odowa baada ya hapo. Damu ilipopanda, tamaa ilipungua yenyewe, jambo ambalo nimeliona kwa akina mama wengi.

Hizo gramu tunazozitaja ni za himoglobini, protini nyekundu iliyo ndani ya chembe za damu. Ndiyo inayobeba oksijeni, na mwili hauwezi kuiunda bila chuma. Shirika la Afya Duniani humhesabu mjamzito aliye chini ya gramu 11 kwa kila desilita ya damu, au chini ya 10.5 katika miezi mitatu ya katikati, kuwa ana upungufu. Hapa pana jambo ambalo sisi wa Bonde la Ufa hatuna budi kulijua: viwango hivyo vimewekwa kwa watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Mji wa Nakuru uko mita 1,850 hivi juu ya bahari, Molo iko kwenye mita 2,500, na Mau Narok imepanda zaidi. Huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo mwili uliozoea nyanda hizi hutengeneza himoglobini zaidi ili oksijeni itoshe. Mama wa Molo akisoma 11.5 anaweza kuambiwa yuko sawa, kumbe ukiondoa ile ziada ya mwinuko, ambayo kwake ni gramu moja na zaidi, amepungukiwa. Shirika hilo limeshatoa hesabu za kurekebisha kipimo kwa kila mwinuko, na ningependa kuziona zimebandikwa ukutani katika kila zahanati kuanzia Kuresoi mpaka Mau Narok.

Mwinuko huohuo umetupunguzia malaria. Ndiyo sababu mjamzito wa Nakuru hapewi zile dawa za kuzuia malaria anazopewa mwenzake wa Pwani au wa Kisumu. Upungufu wetu hutoka zaidi kwenye sahani, kwenye minyoo, na kwenye mimba zinazofuatana bila mwili kupumzika. Anayesafiri kwao kando ya Ziwa Victoria mwezi wa Desemba aseme kliniki kabla hajaondoka, na alale ndani ya neti huko aendako.

Mwili wa mjamzito una kazi kubwa ya damu. Kufikia miezi ya mwisho, damu ya mama huwa imeongezeka kwa karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo kabla hajashika mimba. Maji ya damu huongezeka upesi kuliko chembe nyekundu, kwa hiyo hata mama mwenye afya nzuri kipimo chake hushuka kidogo katikati ya safari. Damu yake na ya mtoto hazichanganyiki. Hukaribiana ndani ya kondo la nyuma, ukuta mwembamba ukizitenganisha, na hapo ndipo oksijeni, sukari na chuma huvuka kwenda kwa mtoto. Moyo wa mtoto huanza kupiga karibu wiki ya sita tangu hedhi ya mwisho, wakati mama wengi wangali wanajiuliza kama ni mimba au ni uchovu. Mrija utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo huwa umeshafunga kufikia siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Usipofunga vizuri, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Asidi ya foliki ndiyo inayopunguza hatari hiyo, na anayengoja tumbo lionekane ndipo aje kliniki huwa amechelewa kwa jambo hilo. Anayepanga kuzaa aanze kumeza foliki kabla ya kushika mimba. Najua kwa nini wengi hungoja: hawataki jirani ajue mapema, mimba isije ikaharibika ikawa maneno. Lakini kliniki hatutangazi habari za mtu.

Kati ya wiki ya 16 na ya 20 mama huanza kusikia mtoto akicheza. Kisha huja miezi mitatu ya mwisho, na huo ndio wakati mtoto hujiwekea chuma kwa wingi. Akiba hiyo humtosha takriban miezi sita ya kunyonya, kwa kuwa maziwa ya mama, pamoja na uzuri wake wote, yana chuma kidogo. Mama aliyeishiwa damu huelekea kuzaa mtoto mwepesi au kabla ya siku zake, na mtoto wa namna hiyo huja duniani na akiba ndogo.

Sasa nije kwenye chai. Tunaishi katika nchi ya chai. Olenguruone vilima vimefunikwa majani yake, na nyumbani kwetu mgeni asiyepewa kikombe cha chai ya maziwa hajakaribishwa. Sina ugomvi na chai. Ugomvi wangu ni na saa ya kuinywa. Ndani ya chai mna vitu vinavyoshikamana na chuma cha mboga na nafaka, mwili ukashindwa kukichukua. Mama anakula ugali kwa managu, chakula kizuri kabisa, kisha anashushia na chai kabla hata hajanawa mikono, na sehemu kubwa ya kile chuma inapotea. Angoje saa moja au mbili ndipo anywe, na hali kadhalika kahawa. Badala yake ale kipande cha chungwa pamoja na chakula, au kachumbari ya nyanya mbichi na pilipili hoho, kwa maana vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini. Nyama na maini hutoa chuma kinachochukuliwa kwa urahisi zaidi, lakini si kila nyumba ina nyama, nami simtumi mtu buchari asikoweza kwenda. Omena zipo. Maharagwe, ndengu, kunde na terere zipo. Njahi, ambazo katika nyumba nyingi za Wakikuyu hupikiwa mama akishajifungua, naomba zianze kupikwa angali mjamzito.

Chakula peke yake mara nyingi hakitoshi katika mimba, ndiyo maana kuna vidonge. Katika vituo vya umma vya Kenya hutolewa kidonge kimoja chenye miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za foliki, cha kumezwa kila siku mpaka kujifungua. Wengi huvichukua na kuviacha kabatini. Nimesikia sababu zao zote nami siwacheki: kidonge kinachafua roho, choo kinakuwa cheusi, na kuna uvumi kwamba mtoto atanenepa sana mama apasuliwe. Choo cheusi ni kawaida na hakidhuru. Kichefuchefu hupungua ukimeza kidonge usiku baada ya chakula. Na chuma hakimfanyi mtoto awe mkubwa kupita kiasi, humfanya asizaliwe mwepesi. Dawa ya minyoo nayo hutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza, iulizie.

Yote haya yanaelekea siku ya kujifungua. Hesabu ya sensa ya mwaka wa 2019 iliweka vifo vya akina mama wa Kenya kuwa 355 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, na kuvuja damu ndiko kunakoongoza kuua. Mama mwenye damu ya kutosha anaweza kupoteza nusu lita akapata nafuu. Aliyeingia chumba cha kujifungua akiwa na gramu 7 anaweza kufa kwa kiasi ambacho mwenzake angekistahimili. Kuna habari njema hapa. Mwaka wa 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Mama alitandikiwa mfuko wa plastiki wenye mistari ya kupimia damu inayotoka badala ya kuikadiria kwa macho, na ilipofika kiwango cha hatari matibabu yote yalitolewa kwa mkupuo. Uvujaji mkali pamoja na madhara yake makubwa ulipungua kwa asilimia 60. Ni jambo la kututia moyo sana sisi wakunga, kwani kwa miaka mingi tumekadiria kwa macho, na macho hupunguza.

Lakini mfuko haurudishi damu iliyokwisha kutoka. Inayorudishwa ni ya mtu aliyejitolea. Nakuru tuna kituo cha damu cha kanda, na wachangiaji wake wakubwa, kama kwingineko nchini, ni wanafunzi wa shule za sekondari. Shule zikifungwa, friji za damu huanza kuwa tupu, na wajawazito hawana likizo.

Kwa hiyo nina maombi. Wewe uliye mjamzito, au unayehisi huenda ni mjamzito, njoo kliniki kabla ya wiki 12. Ukija, sema wazi kama unatamani odowa, mkaa au barafu, maana tamaa hizo nazo huandamana na upungufu wa chuma. Omba kipimo cha himoglobini mwanzoni, kisha uombe tena katika miezi mitatu ya mwisho, na uangalie kama kimeandikwa kwenye kijitabu chako cha kliniki. Mama mkwe unayeona mkaza mwana wako akilamba vumbi, msindikize zahanati. Na wewe mume wake, ikiwa una umri kati ya miaka 16 na 65, una zaidi ya kilo 50 na u mzima, unaweza kutoa damu kila baada ya miezi mitatu. Nenda mwezi huu, mtoto wako angali tumboni. Usingoje kupigiwa simu usiku.