Mnyonge Alivyopindua Soko la Michezo ya Video

Wako watakaoshangaa kuona safu hii ikishughulikia mashine za michezo ya video, jambo wanalolihesabu kuwa ni upuuzi wa watoto wa skuli. Hatukubaliani nao. Biashara hiyo inazungusha mabilioni ya fedha, na ndani yake imo habari ambayo kila aliyekabidhiwa kazi ya kupanga mipango, awe wizarani au katika duka la ushirika, inafaa aizingatie.

Kampuni ya Nintendo iliasisiwa mjini Kyoto, Japani, mwaka 1889, ikitengeneza karata. Katika miaka ya 1980 ndiyo iliyotawala michezo ya video. Kisha Sony ikatoa PlayStation mwaka 1994, na ile ya pili, iliyotoka mwaka 2000, ikauzwa zaidi ya milioni 150. Microsoft ya Marekani nayo ikajitosa mwaka 2001. Mashine ya Nintendo ya zama hizo, GameCube, haikufikia hata milioni 22. Mkongwe alikuwa amesukumwa pembeni.

Mbinu ya wakubwa ilikuwa ni kuongeza nguvu: prosesa zenye kasi zaidi, picha safi zaidi, na kuziuza mashine kwa hasara kwa matumaini kwamba fedha zitarejea kwa njia ya mauzo ya michezo yenyewe. Novemba 2006 PlayStation 3 iliingia katika soko la Marekani kwa dola 499 na 599, na hata kwa bei hiyo Sony ilikuwa ikila hasara. Xbox 360, iliyotangulia kwa mwaka mmoja, ilianzia dola 299.

Satoru Iwata, mtunga programu aliyeshika uongozi wa Nintendo mwaka 2002, aliikataa njia hiyo. Swali lake liliwahusu watu wasiocheza kabisa: akina mama, wazee, wafanyakazi wanaorudi majumbani wamechoka, watu ambao wakikitazama kishikio kilichojaa vifungo hukiweka chini. Mwaka 2004 alitoa Nintendo DS, kimashine cha mkononi chenye vioo viwili, kimoja kikiguswa kwa kalamu. Mwaka uliofuata ukatoka mchezo wa kuzoeza ubongo, uliotokana na kazi za Profesa Ryuta Kawashima, nao ukawavuta watu wazima ambao hakuna kampuni iliyokuwa ikiwahangaikia.

Ndipo Novemba 2006 ikaja Wii, kwa dola 249. Kwa vipimo vya mafundi ilikuwa dhaifu. Uti wake ulitokana na GameCube, wala haikuweza kutoa picha za ubora wa juu. Lakini kishikio chake kilihisi mwendo wa mkono. Marekani na Ulaya iliuzwa pamoja na mchezo wa tenisi, gofu na ndondi, na ajuza asiyewahi kugusa mashine ya namna hiyo aliinua mkono tu kama anayepiga mpira, akawa amekwisha kujua kucheza. Wengine walipiga kwa nguvu mno hata vikamba vya mkononi vikakatika na vishikio vikaruka, na Desemba ile ile kampuni ikalazimika kubadilisha vikamba zaidi ya milioni tatu. Ilikuwa ni aibu, ingawa aibu ya aina hiyo wafanyabiashara wengi wangeitamani.

Wii iliuzwa zaidi ya milioni 101, ikawapita wapinzani wote wawili. Profesa Clayton Christensen wa Chuo Kikuu cha Harvard alikwisha kuieleza hali hii katika kitabu chake cha mwaka 1997: wakubwa huendelea kuboresha bidhaa kwa ajili ya wateja wao bora mpaka wakavuka mahitaji ya watu wengi, na mgeni mwenye kitu duni, rahisi na chepesi kutumika akapenyea chini. (Maofisa wetu wanaoagiza mitambo ambayo nusu ya vifungo vyake havitaguswa maisha wangefanya vyema kukisoma.)

Wengi wanaoisifu Wii hukomea hapo, nasi hatuoni haki kukomea hapo. Kwa mujibu wa nadharia hiyo hiyo, mgeni hana budi kupanda ngazi hadi awachukue wateja wa wakubwa. Nintendo haikupanda. Mteja aliyeingia kwa ajili ya mchezo mmoja mwepesi hana kinachomfunga. Na simu ya iPhone ilipotoka mwaka 2007, likafuatiwa na duka lake la programu mwaka 2008, michezo myepesi ikapatikana kwa dola moja au bure, mfukoni mwa mteja yule yule. Aliyepindua akapinduliwa kwa silaha yake mwenyewe.

Mwaka 2011 kimashine kipya cha 3DS kilipodorora, Iwata aliteremsha bei yake kutoka dola 249 hadi 169 na kujikata mwenyewe nusu ya mshahara, tendo ambalo ni nadra kulisikia kwa wakuu wa mashirika, popote walipo. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2012 ulifungwa kwa hasara ya yeni bilioni 43. Wii U, iliyofuata mwaka huo huo, iliishia milioni 13 na nusu.

Machi 2017 ikatoka Switch, inayochezeka mbele ya televisheni na mkononi pia, yenye prosesa ya Nvidia ya jamii iliyokwisha kutumika katika vifaa vingine, na imeuzwa zaidi ya milioni 150. Iwata alifariki Julai 2015, hakuiona ikifika madukani.