Mhadhiri, Fanani na Projekta

Wapo wanaodhani kumwendeleza mhadhiri ni kumfundisha kuwasha projekta. Makala hii yaipinga dhana hiyo kwa hoja ya fasihi simulizi.

Fanani huisoma hadhira yake: ikianza kusinzia hubadili sauti, huuliza, huimbisha. Mhadhiri anayesoma slaidi neno kwa neno ameipa hadhira mgongo. Wanafunzi nao wananakili tu, basi.

Tuitazame Ifakara. Katika miaka ya 1950 Mswisi Rudolf Geigy alianzisha maabara pale. Mwaka 1961 mafunzo ya wahudumu wa afya yakafuata, na 2010 Chuo Kikuu Kishiriki cha Mtakatifu Fransisko, cha sayansi za afya. Bonde la Kilombero ni la mpunga, na pia la malaria. Picha kubwa ya Anofelesi ukutani yasaidia kweli: mdudu mdogo huonekana hadi nyuma ya darasa. Lakini kujua lini uzime mashine na kuuliza, "Mbona huyu huzaliana mashambani mwa mpunga?" huo ndio ufundi wenyewe.

Basi warsha ya wahadhiri na iwe uhakiki: mwenzako akae nyuma, akutazame ukifundisha, kisha mjadiliane. Umeme ukikatika, fanani hubaki na hadithi yake. Msomaji wa slaidi je?