Juma Moja Katika Hema: Safari ya Maziwa ya Bonde la Ufa

Watu wengi wa Kenya wameyaona maziwa ya Bonde la Ufa kupitia dirisha la basi tu. Karani aendaye Nakuru kwa kazi huona maji yakimeta kwa mbali, kisha gari hupinda na maji hupotea. Mkulima apelekaye mazao yake sokoni hana nafasi ya kusimama. Hivyo mtu aweza kuishi miaka hamsini karibu na mambo ambayo wageni huvuka bahari kuja kuyatazama, naye asijue habari zake. Lakini kwa mtu mwenye likizo ya juma moja, hema, na wenzake wawili watatu wa kugawana gharama ya gari, safari ya kutoka Nairobi mpaka Baringo haishindi uwezo wake.

Njia yenyewe ni yapata maili 175. Njiani yamo maziwa matano, nayo ni Naivasha, Elementaita, Nakuru, Bogoria na Baringo. Yote yamelala katika sakafu ya bonde, na hakuna hata moja lenye mto uendao baharini. Jambo hili msafiri alikumbuke tangu siku ya kwanza, maana ndilo lifafanualo karibu kila atakaloliona. Maji yashukayo kutoka milimani huishia humo, pamoja na kila kitu ambacho maji hayo yamekichukua njiani.

Mizigo ya safari isiwe mingi. Hema lisilovuja, turubai ya kutandika chini, mablanketi, tochi, sufuria, jiko dogo na madebe ya maji ya kunywa yatosha. Mablanketi ni kwa ajili ya Naivasha, ambako usiku kuna baridi kali. Chandarua ni kwa ajili ya Baringo, ambako kuna joto na mbu. Ada za kuingia mbugani hubadilika mara kwa mara, basi ni vema kuuliza kabla ya kuondoka. Na hema lisipigwe ila mahali palipoandaliwa kwa kazi hiyo.

Naivasha na Mlango wa Jehanamu

Siku ya kwanza msafiri atashuka ukingo wa bonde kutoka upande wa Limuru mpaka Mai Mahiu. Chini ya mteremko liko kanisa dogo sana kando ya barabara, lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitalia waliokuwa wakitengeneza barabara hiyo. Mbele yake husimama Longonot, mlima wa moto uliolala, wenye urefu wa futi 9,100 na zaidi.

Ziwa Naivasha lina maji matamu, jambo la ajabu kwa ziwa lisilo na mto wa kutokea. Katika nchi ya joto jua hunyonya maji na kuacha chumvi nyuma, na kwa kawaida ziwa la namna hii huwa chungu baada ya muda. Naivasha halikuwa hivyo kwa sababu maji yake hupenya chini ya ardhi na kuichukua chumvi pamoja nayo. Mito ya Malewa na Gilgil hulijaza tena kwa maji mapya kutoka Nyandarua. Kwa maji hayo kulikuzwa mashamba makubwa ya maua, ambayo hupelekwa Ulaya kwa ndege, na maelfu ya watu wamepata kazi humo.

Wapiga hema wa Naivasha hulala chini ya migunga ya manjano, nao husikia sauti ya furukombe alfajiri. Usiku hutoka viboko kuja kula majani. Kiboko huonekana mzito na mpole, lakini mtu asimamaye kati yake na maji yumo hatarini sana. Baada ya giza kuingia, mtu asivuke ua wa kambi kuelekea ziwani kwa sababu yo yote.

Siku ya pili ni ya Hell's Gate, maana yake Mlango wa Jehanamu, mbuga ya taifa tangu mwaka 1984. Humo watu huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli kati ya punda milia, swala na twiga. Pana nguzo ya mwamba iitwayo kwa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika huko mwaka 1883. Jirani yake, huko Olkaria, mvuke hutoka ardhini kwa mabomba nao huendesha mitambo ya umeme. Mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka 1981. Taa ya mezani pa karani wa Nairobi huenda inawashwa na moto huo wa chini.

Korongo la miamba lililomo mbugani ni zuri mno, lakini lina hila. Mvua ikinyesha juu milimani, maji hushuka kwa ghafula hata kama mbingu ni nyeupe juu ya korongo. Watu walichukuliwa na mafuriko humo mwaka 2012 na tena mwaka 2019. Kiongozi akisema turudi, msafiri arudi bila ya kuuliza swali.

Ushahidi wa Mawe na Udongo Mweupe

Siku ya tatu hema hupigwa karibu na Elementaita, ziwa la magadi, lenye kina kifupi, ambamo mwari hupenda kukusanyika. Kabla ya kufika, msafiri apumzike Kariandusi, karibu na Gilgil. Hapo ndipo Louis Leakey alipogundua mwaka 1928 mashoka ya mawe ya watu wa kale, mengine yakiwa ya jiwe jeusi ling'aalo kama chupa. Watu waliokaa hapo, mamia ya maelfu ya miaka iliyopita, walichagua mahali penye maji, kama mkulima ye yote achaguavyo.

Jirani na mahali hapo pana udongo mweupe mwepesi uchimbwao kwa kazi za viwanda. Udongo huo ni mabaki ya viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, vilivyoishi na kufa majini. Maana yake ni kwamba pale asimamapo msafiri leo palikuwa chini ya ziwa. Wataalamu husema kwamba yapata miaka elfu tisa au kumi iliyopita Elementaita na Nakuru yalikuwa ziwa moja kubwa. Basi maziwa haya hupanda na kushuka, na yalifanya hivyo kabla ya mtu kuwa na jembe.

Nakuru na Heroe Waliohama

Siku ya nne ni ya Nakuru. Ziwa hili lilitengwa kwa ajili ya ndege mwaka 1960, likawa mbuga ya taifa mwaka 1968. Katika miaka ya 1980 lilizungushiwa ua na kufanywa hifadhi ya vifaru, nao ni rahisi kuwaona hata leo. Zamani sifa ya Nakuru ilikuwa heroe, ndege wa rangi ya waridi ambao wengi huwaita flamingo. Walikuwa wengi hata ukingo wote wa ziwa ukaonekana kama umepakwa rangi. Wengi wao hula mwani mdogo sana unaostawi katika maji ya magadi tu.

Katika miaka ya 1990 ziwa lilipata kukauka karibu lote. Kisha, tangu yapata mwaka 2010, likaanza kupanda. Maji yakameza lango kuu la zamani na kuacha miti iliyokufa ikisimama ziwani. Magadi yakazimuliwa, mwani ukapungua, na heroe wengi wakaondoka kutafuta chakula mahali pengine.

Bogoria na Baringo

Siku ya tano barabara hushuka kuelekea kaskazini, na joto huongezeka kila maili. Ziwa Bogoria zamani liliitwa Hannington, kwa jina la Askofu James Hannington aliyepita huko mwaka 1885 na kuuawa Busoga mwaka huo huo. Humo ndimo heroe wengi hupatikana siku hizi. Chemchemi za maji ya moto hutokota na kurusha mvuke kando ya maji, ingawa nyingine zimefunikwa na ziwa lilipopanda. Mtu asitie mkono wala mguu karibu nazo, maana ardhi ya pembeni ni nyembamba.

Mwenyeji wa nchi hiyo ni Mwendorois. Jamaa za Waendorois walihamishwa miaka ya 1970 ili hifadhi ya wanyama ifanywe. Walipeleka shauri lao mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nayo uamuzi wake, uliotangazwa mwaka 2010, ukawapa haki. Mwaka uliofuata maziwa ya Bogoria, Nakuru na Elementaita yaliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Msafiri afurahiaye uzuri wa mahali hapo yafaa ajue kwamba uzuri huo una wenyewe.

Siku ya sita ni Baringo, ambalo nalo ni la maji matamu, lakini rangi yake ni ya udongo. Wavuvi wa Kichamus hutumia vyombo vidogo vya mti mwepesi sana, nao huwavusha wageni kwenda kisiwa cha Ol Kokwe kwa mashua. Siku ya saba ni ya kutazama ndege asubuhi, kisha kukunja hema na kurudi.

Lakini kabla ya kurudi, msafiri auulize wenyeji wake maji yalikuwa wapi zamani. Watamwonyesha kwa kidole mapaa ya nyumba, shule, zahanati na mahoteli yaliyozama. Mwishoni mwa mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2021 hata twiga tisa walilazimika kuhamishwa kwa chombo maalum, kwa kuwa maji yalikuwa yakiila nchi waliyokaa. Ripoti ya Serikali ya mwaka 2021 ilieleza kwamba kupanda kwa maziwa kuliwadhuru watu wa kaya 75,000 na zaidi nchini. Ilitaja mvua kubwa, mabadiliko ya hali ya hewa, mwendo wa ardhi yenyewe, na uharibifu wa nchi za milimani.

Mambo matatu ya kwanza mkulima mmoja hana nguvu juu yake. Hilo la nne limo mikononi mwake. Misitu ya Mau ilipokatwa, mito ya Njoro, Molo na Perkerra ilianza kushuka kwa kasi wakati wa mvua na kupungua wakati wa kiangazi, ikichukua udongo wa mashamba. Udongo ule wa rangi nyekundu unaoonekana Baringo ulikuwa mali ya mtu. Ulikuwa mahindi na viazi ambavyo havitaota tena. Aliyeupoteza amekuwa maskini, na aliyeupokea hakutajirika, bali amejaziwa ziwa lake tope.

Safari ya juma moja humwonyesha mtu jambo hili kwa macho, kuliko hotuba nyingi. Mwenye shamba huko juu akirudi nyumbani na kuchimba matuta kukata mteremko, akaacha ukingo wa mto bila kulimwa, akapanda miti ya kienyeji penye chemchemi, atakuwa ameilinda rutuba yake mwenyewe. Pamoja na hayo atakuwa amemsaidia mvuvi wa Baringo asiyemjua kwa jina, akaaye mwisho wa mto ule ule.