Sauti ya kwenye kona: tulivyobadili shafti ya gari nyumbani

Wiki hii ukurasa wa familia unatoka jikoni na kwenda uani, lilipoegeshwa gari letu dogo, Toyota IST, ambalo huwapeleka watoto shule na madrasa, na ambalo kwa miezi kadhaa lilikuwa likilia ta-ta-ta kila lilipokata kona kali. Wengi wenu sauti hiyo mnaijua. Ikisikika usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, aghalabu ni sivi jointi ya upande wa gurudumu. Gari likitetemeka linapoongezwa mwendo, shaka huelekea jointi ya ndani, upande wa giaboksi.

Katika magari ya namna hii magurudumu ya mbele yana kazi mbili kwa pamoja, kuvuta na kugeuka. Shafti inayoleta nguvu kutoka giaboksi haina budi izunguke bila kusita hata gurudumu likiwa limepinda. Alfred Rzeppa, mhandisi wa kampuni ya Ford, alilitafutia jambo hilo ufumbuzi katika miaka ya 1920, kwa mipira 6 ya chuma inayotembea ndani ya mifereji ya kikombe. Mipira hiyo huishi ndani ya grisi, nayo grisi huhifadhiwa na raba iliyokunjwakunjwa. Raba ikipasuka, grisi hurushwa nje na mchanga huingia. Sisi tuliiona grisi nyeusi upande wa ndani wa rimu kabla ya Ramadhani, na wakati huo ingetosha kubadili raba na kutia grisi mpya. Tukasema tutafanya baada ya Idi. Ilipofika baada ya Idi, tulikuwa tumekwisha izoea sauti.

Shafti ya kwanza tuliyonunua, iliyotumika, tuliirudisha. Ilikuwa imepakwa rangi nyeusi ikang'ara, na raba zake mpya kabisa, lakini tulipoikunja jointi kwa mkono ilikwaruza kama iliyojaa kokoto. Kuficha kasoro ya bidhaa kwa rangi ni ghishi, na muuzaji, alipoonyeshwa, hakubisha. Basi anayenunua aikunje na kuizungusha jointi pale pale dukani, ahesabu meno ya ncha zote mbili, apime urefu, na aseme anataka ya upande gani, kwa kuwa katika gari hili shafti ya kulia ni ndefu kuliko ya kushoto.

Tulianza Jumamosi asubuhi pamoja na kijana wetu, ambaye mwakani anamaliza kidato cha nne na ambaye tulitaka ajue kazi ya mikono. Nati kubwa ya katikati ya gurudumu, ya spana ya milimita 30, hulegezwa gari likiwa bado chini, mtu mwingine akiwa amekanyaga breki. Ukingo wa nati hiyo umegongwa ukaingia kwenye mfereji wa shafti. Ni lazima uinuliwe kwanza kwa tindo, kisha wakati wa kufunga nati mpya itumike. Tuliongeza bomba kwenye mkono wa spana, tukaegemea sote wawili, ndipo ilipokubali kwa mlio uliomtoa mama watoto ndani.

Ni yeye aliyetuuliza stendi ziko wapi. Tulijibu kwamba jirani angezileta baada ya Adhuhuri, na kwamba kwa sasa jeki inatosha. Uani kwetu ni mchanga mtupu. Hakubishana nasi, alilisukuma gurudumu tulilolifungua, akalilaza chini ya ubavu wa gari, akarudi ndani. Haikupita nusu saa, kijana akaingiza mkono kuokota spana iliyoangukia chini, na jeki ikazama upande mmoja. Gari lilishuka. Likakaa juu ya gurudumu lile, likiwa limebakiza nafasi ya kiganja juu ya mkono wa mtoto wetu.

Tulisimamisha kazi. Hatukuigusa tena hadi stendi mbili zilipofika, mbao pana zikawekwa chini yake na chini ya jeki, na magurudumu ya nyuma yakazuiwa kwa mawe. Kwa haki kazi hii ingeanzia hapo, na kwa kosa hilo tuliomba radhi kwa mama na kwa mwana.

Yaliyobaki, tunakiri, hayakuwa magumu kama tulivyodhani. Tulifungua bolti za bol jointi ya chini ili kitovu cha gurudumu kivutike nje, tukaisukuma shafti itoke kwa kugonga juu ya kipande cha ubao, si chuma kwa chuma, maana nyuzi zikiharibika nati haitaingia. Bomba la breki lisiachwe likavutika. Upande wa giaboksi tuliweka beseni, kwa kuwa oili hutoka, tukaing'oa jointi kwa mtaimbo mdogo. Asiivute shafti yenyewe mtu, kwani jointi ya ndani huachana vipande. Tulibadili na oili sili papo hapo. Shafti nyingine ilipoingia tulisikia pete yake ndogo ikinasa, tukaivuta kidogo kuhakikisha haitoki. Oili iliyomwagika tulirudisha ya aina ile ile, hadi kipimo kinachotakiwa.

Nati ya katikati hufungwa kwa nguvu maalumu iliyotajwa katika kitabu cha gari, si kwa kukadiria. Ikilegea, beringi huharibika na gurudumu linaweza kuwa hatari. Spana ya kupimia hatukuwa nayo. Tuliifunga kadiri tulivyoweza, tukaliendesha polepole hadi kwa fundi wa mtaa wa pili, akaipima na kugonga ukingo wake. Alicheka alipoona mchanga nguoni mwetu, akakataa malipo.

Baada ya Alasiri tulilizungusha gari kiwanjani, kulia na kushoto, vioo vikiwa wazi. Kimya. Kijana alilala chini, safari hii gari likiwa juu ya magurudumu yake manne na injini imezimwa, akaimulika raba ya upande wa pili. Ina mpasuko mdogo kwenye mkunjo wa kwanza, na grisi haijatoka. Raba mpya tumeinunua Jumatatu, na stendi zetu wenyewe pia.