Kulisha Ndege ni Sadaka, Lakini Tusimwite Kunguru



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Wapenzi wanafunzi na ndugu wazazi, katika toleo hili tumeona tuzungumzie jambo linalotokea kila siku katika nyua zetu hapa Unguja.

Mwaka jana, baada ya khitma, baadhi ya wanafunzi walichukua ukoko wa pilau wakaumwaga chini ya mpera wa madrasa ili ndege wale. Kabla ya adhuhuri kunguru walikuwa wamejaa uani, na kesho yake wakarudi. Siku ya tatu kiota cha shore kilichokuwa katika mpera ule kilikutwa kitupu. Makinda wote walikuwa wameliwa. Watoto walitujia kwa huzuni wakauliza: "Ustadh, sadaka yetu imeharibika?"

Tuliwajibu kuwa nia yao haipotei kwa Mola wao. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Anas bin Malik (R.A.), kuwa Muislamu akipanda mti au mazao, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Lakini amali njema inahitaji elimu, ili mkono mmoja usibomoe kilichojengwa na mwingine.

Kunguru huyu ni nani?

Kunguru mwenye shingo ya kijivu si wa asili ya kwetu. Ametoka Bara Hindi, na aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Baadaye alienea mpaka Dar es Salaam na Mombasa. Yeye hula mayai, makinda ya ndege na vifaranga vya kuku. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kupunguza kunguru hawa milioni 1 katika pwani yake. Kinachomkusanya ni chakula tunachokitupa sisi wenyewe.

Tufanyeje?

1. Tusimwage wali, mkate, nyama wala mabaki ya samaki. Hicho ndicho chakula akipendacho kunguru.

2. Tuweke mtama au mawele kidogo, kiasi cha gao moja asubuhi. Yakibaki tuyaondoe.

3. Sinia la nafaka tulifunike kwa tundu la waya lenye matundu ya kama sentimita 4. Mnana na chiriku watapita, kunguru atabaki nje. Tetere wataokota punje zinazoanguka chini.

4. Tuweke maji katika kifuu, tukioshe na kubadilisha maji kila siku, ili mbu wasizaliane.

5. Tupande maua na miti ya matunda. Chozi hunyonya maua, na shore hula mapera na mapapai.

6. Pipa la taka liwe na kifuniko, matumbo ya samaki yafukiwe, na vifaranga wafunikwe kwa tenga.

Tusivuke mpaka

Ni kweli kuwa katika hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) kunguru ametajwa miongoni mwa viumbe watano wenye madhara wanaoruhusiwa kuuawa hata ndani ya Haram. Lakini Mtume huyo huyo (S.A.W.) ameamrisha ihsani hata katika kuua. Basi si halali kumfunga kunguru na kumtesa kwa mchezo. Wala tusitege sumu katika chakula, kwani atakula paka, kuku wa jirani, au hata mtoto. Kazi ya kuwapunguza tuwaachie watu wazima na mamlaka zinazohusika. Tukumbuke pia kuwa katika Suratul Maida, aya ya 31, Allah (S.W.) alimtuma kunguru amfundishe mwana wa Adam namna ya kumsitiri ndugu yake aliyekufa. Naye ni kiumbe wa Mola wetu.

Mwaka huu tumeweka sinia lenye tundu la waya uani, na zamu ya kubadilisha maji ni ya darasa la pili. Pipa letu sasa lina kifuniko. Kunguru bado wanapita, lakini hawakai. Na katika mpera ule ule, shore wamejenga tena.

Tunamuomba Allah atujaalie elimu yenye manufaa na amali zenye kukubaliwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.